Novatus na Sheria Iliyokuwa Njiani

Wakulima wenzake wa Kirushya walisubiri mvua. Novatus Ndayisaba alisubiri Bunge. Kikao kilipokaribia, alizitoa betri za redio yake na kuzianika juu ya bati tangu asubuhi, zipate joto la kumfikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Kisha alikaa kwenye kizingiti cha duka la mkewe, redio pajani, sikio limebanwa kwenye spika, na ole wake mbuzi ambaye angelia wakati huo. Mpira haukumhusu. Nyimbo hazikumhusu. Alichongoja ni pale msomaji wa habari atakaposema kwamba muswada fulani umesomwa, hasa ukiwa muswada wa bei, wa leseni, wa mizani, au wa kitu chochote kinachouzwa na kununuliwa. Akiupata, kesho yake aliupeleka duka kwa duka, na sokoni kwa akina mama wauza maharage, mpaka wakambatiza jina la Bwana Muswada.

“Bwana Muswada,” Marsiana alimwita siku moja kutoka nyuma ya fungu lake la ndizi, “wiki hii tunakatazwa nini?”

“Hamjakatazwa kitu, shemeji. Muswada si sheria. Muswada ni mimba. Mimba huweza kuombewa. Sheria ni mtoto aliyekwisha kuzaliwa.”

“Basi hawa wa kwetu huzaliwa na meno.”

Soko likacheka, na Novatus akacheka nalo, maana alipenda kuulizwa kuliko alivyopenda kuheshimiwa.

Hamu hiyo hakuipata shuleni. Shule aliiona kwa nje tu. Kusoma alijifundisha kwa katekisimu na kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni. Aliipata ujanani, alipokuwa mpeleka maneno kwenye baraza la mtwale, chifu mdogo wa milima ile, siku ambazo vijana wa sasa wamefundishwa kuzicheka bila kuambiwa zilikuwaje. Mtwale hakuwa malaika. Alikuwa na tumbo, na alikuwa na hasira. Lakini akitaka kuweka amri mpya, ilibidi kwanza neno lipelekwe milimani, lilale huko mpaka watu waligeuze huku na huku, na ndipo warudi barazani kulijibu. Na Wahangaza, wenyeji wa huko, walikuwa na kanuni yao ya kujibu: neno la mali halisemwi pasipo mali yenyewe. Mgomvi wa ng'ombe alikuja na ng'ombe. Mgomvi wa shamba alikuja na chipukizi la mgomba na bonge la udongo wake. Aliyekuja mikono mitupu aliambiwa anasemea upepo, akarudishwa kwake.

Novatus aliona kwa macho yake siku mtwale alipotaka sehemu ya pombe ya ndizi iuzwayo njiani. Wanawake walipanda kilima na mitungi yao vichwani, wakaipanga mbele yake mmoja mmoja, mikubwa na midogo, wakanyamaza. Mtwale aliitazama mitungi ile. Akaomba mrija, akaonja mmoja, akaonja wa pili. “Mnaishi kwa hiki tu?” akauliza. Wakajibu ndiyo. Amri ile haikusikika tena. Kijana Novatus alishuka kilimani siku hiyo akiamini kwamba hivyo ndivyo utawala ulivyo popote duniani, na kwamba mtawala akiiona mali ya watu kwa macho yake, moyo hufuata.

Watwale waliondolewa. Barazani pakaota nyasi. Novatus hakulia mbele ya watu, alinunua redio. Aliposikia kwamba huko Bungeni nako neno husomwa mara ya kwanza, likalala, likasomwa tena kabla ya kuwa sheria, alijipiga paja. “Ni yale yale,” alimwambia mkewe. “Ni baraza, ila limekwenda mbali.”

Mkewe, Deodata, hakuwa na muda wa baraza la karibu wala la mbali. Alikuwa na duka. Lilianza kama rafu moja chini ya migomba ya babake. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, watu wakapangwa kando ya barabara kama vigingi, alilihamisha pamoja na mabati na mlango wake, akasimamisha kuta za miti na udongo mahali alipooneshwa na mjumbe. Aliuza chumvi, sabuni za mche, mafuta ya taa, viberiti, na khanga mbili tatu za kutamanisha. Msimu wa njaa alitoa chumvi akapokea maharage yalipokomaa, na hakuna aliyemdhulumu, kwa kuwa kila aliyekula chumvi yake alikuwa jirani. Duka lile ndilo lililowalisha, ndilo lililomsomesha binti yao Anjelika kule Rulenge. Novatus alilijua hilo. Redio yenyewe ilitoka humo.

Wala tusimfanye mpumbavu. Kwa miaka kadhaa masikio yake yaliwafaa watu. Uliposemwa mpango wa bei za serikali, yeye ndiye aliyewahimiza wenye maduka wabandike bei ukutani kabla hawajaja wakaguzi. Mayunga, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga kupitia Biharamulo na kufungua kiduka kijiji cha pili, aliponea hapo. Tangu siku hiyo Mayunga hakupita bila kuegesha baiskeli yake.

“Redio imelalaje, mzee?”

“Imelala salama, Mayunga.”

“Basi na mimi nitalala.”

Kisha vita vikaja. Havikufika Kirushya kwa risasi. Vilifika kwa kukosekana. Malori yalichukuliwa kupeleka askari na chakula mpakani mwa Uganda, na barabara ya Biharamulo ikabaki ya miguu na baiskeli. Mafuta ya taa yalikwisha, watu wakalala na jua. Sabuni ikakatwa vipande vya kidole. Chumvi ikawa neno la kunong'ona. Vijana wa kijiji walikuwa wamekwenda na mgambo, mtoto wa Marsiana akiwa mmoja wao, na mama huyo hakutania tena sokoni kama zamani.

Deodata alikuwa amebakiwa na gunia moja na nusu. Hapo akafanya jambo ambalo mamake angelifanya: aliifunika chumvi ile chini ya majani ya migomba chumba cha nyuma, akaitoa kwa mzazi aliyejifungua na kwa nyumba yenye msiba tu. Wengine wote aliwaambia hakuna. Wenye maduka wengine watatu, Mayunga akiwemo, walifanya vivyo hivyo. Katika dhiki, cha wazazi na cha wafiwa hakiguswi. Hilo lilijulikana kabla ya duka la kwanza kujengwa nchi hii.

Jioni moja, baada ya nyimbo za vita, redio ikasema. Mmoja wa wakubwa alikuwa ametamka kwamba kuna muswada unaandaliwa, juu ya maduka ya watu binafsi vijijini na bidhaa adimu: maduka hayo yafungwe, shughuli zake zipewe kijiji. Utapelekwa Bungeni. Wananchi wanahimizwa kutoa maoni.

Novatus aliizima redio ili asiusikie wimbo ukilifuta neno lile.

“Mama Anjelika, umesikia?”

“Nimesikia maduka yafungwe.”

“Umesikia nusu. Wamesema unaandaliwa! Haujasomwa hata mara ya kwanza. Na wametuita tujibu.”

“Nani katuita? Mimi sikusikia jina langu.”

Asubuhi alivaa koti, akaenda kwa Renatus, katibu kata, kijana aliyemfahamu tangu akiwa na kamasi. Renatus alisimama kumwamkia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya muswada.”

Renatus alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. “Mzee wangu, maoni hupita kwenye vikao. Yanaanza kwenye nyumba kumi, yanapanda.”

“Na yakipanda hufika?”

“Yanapanda,” alisema Renatus. Kisha, labda kwa kumwonea huruma, akaongeza kwamba kuna mkubwa anayekuja kuhimiza michango ya vita, ng'ombe na maharage. Atapita pale pale barabarani. “Nitamwomba asimame kidogo. Maneno yawe mafupi, mzee.”

Yangekuwa mafupi. Novatus alijua njia ya kuyafupisha. Alizunguka kwa wenye maduka akawaambia kila mmoja alete alichonacho, chote, kipangwe barazani kwa Deodata, na akina mama wanunuzi waje kushuhudia jinsi wanavyosaidiwa.

Deodata alipolisikia hilo aliuweka mchi chini.

“Baba Anjelika, bidhaa ikionekana siku hizi ni kesi.”

“Ikifichwa ndiyo kesi. Ikiwekwa mbele ya macho ni ushahidi.”

“Ushahidi wa nini?”

“Kwamba ni kidogo! Ataona tunavyoishi kwa kidogo hiki, atawaambia wenzake huko juu. Tukienda na maneno matupu tutakuwa tunasemea upepo.”

“Huyo anayekuja alizaliwa wapi?”

“Hilo sijaambiwa.”

“Basi unajuaje kama kwao mali husema?”

Mayunga naye alikuna kichwa. “Mzee, sisi Wasukuma hatumwoneshi mgeni zizi mpaka ameonesha lake.” Lakini Mayunga huyo huyo alikuwa ameponea masikio ya Novatus mara moja, na mtu aliyeponea kwako mara moja hukufuata hata pale anapoliona shimo. Siku ilipofika alileta chumvi yake juu ya baiskeli, akaifunika kwa koti la mvua.

Wakatandika mikeka. Wakapanga. Na hapo ndipo Novatus alipoona kitu ambacho hakukifikiria: kidogo cha duka moja, kikikutana na kidogo cha la pili na la tatu na la nne, si kidogo tena. Magunia yalisimama bega kwa bega. Sabuni zilipangwa zikawa ukuta. Palikuwa na madebe ya mafuta ya taa ambayo kila mwenye duka alikuwa ameficha moja tu. Alitaka kusema warudishe baadhi, lakini akina mama walikuwa wameshaanza kufika, na vumbi la gari lilionekana kwenye kona.

Marsiana alikuwa mbele. Alisimama akaitazama chumvi. Hakumtazama Novatus, alimtazama Deodata.

“Deodata.”

“Marsiana.”

“Juzi nilikuja kwako na kikombe.”

Deodata aliinyoosha ncha ya mkeka.

“Ukaniambia hakuna. Nikachemsha maharage na majivu ya maganda ya ndizi. Mwanangu yuko vitani, mimi nakula majivu, na wewe unayo magunia?”

“Ni ya wazazi na wafiwa, Marsiana. Unajua desturi.”

“Ulitaka ningoje nifiwe, basi?”

Akina mama wakaguna. Katika mguno ule gari likasimama.

Mkubwa aliyeshuka alikuwa mtu mwembamba, amechoka, macho mekundu kwa barabara. Huenda alikuwa amezika mtu. Huenda alikuwa hajala. Renatus alianza kusema jambo juu ya maoni ya wazee, lakini yule mtu alikuwa amekwisha kuifikia mikeka.

“Ndugu, hii chumvi ni ya nani?”

Novatus alivua kofia. “Ni ya maduka manne, bwana mkubwa. Tumeileta mbele ya macho yako ili—”

“Hakuna mabwana hapa, ndugu. Maduka manne, chumvi nyumba moja?”

“Kwa ajili ya muswada, ndugu mkubwa. Tumesikia redioni unaandaliwa, nasi kwa desturi yetu neno la mali—”

“Muswada gani?”

“Wa maduka. Haujasomwa bado. Tukaona kabla haujasomwa mara ya kwanza—”

“Mzee,” yule mtu alisema, na hakupaza sauti, “kuna vijana wetu wanakula mahindi bila chumvi kule mbele. Wewe umekaa hapa unahesabu kusomwa?”

Akawageukia akina mama. “Ninyi mmekuwa mkiuziwa chumvi hii?”

Huo ndio wakati ambao Novatus aliungoja tangu alipokuwa kijana, wakati wa watu kujibu. Aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwepo waliopewa chumvi ile ile walipojifungua. Alikuwepo mjane ambaye matanga ya mumewe yalikolezwa kutoka gunia lile. Wote walitazama chini. Jibu likatoka kwa Marsiana.

“Tunaambiwa hakuna.”

Yule mkubwa akaashiria kwa mkono. Askari mgambo wawili waliofuatana naye waliingia dukani, wakatoa majani ya migomba yaliyokuwa yamefunika magunia, wakayatupa nje ili kila mtu aone. Chumvi ikagawiwa pale pale kwa bei ya serikali, mstari ukapangwa, na walio mstarini walikuwa wale wale mashahidi. Sabuni na mafuta ya taa vikapakiwa. Deodata na Mayunga wakaambiwa wapande gari wakaandikishe maelezo wilayani.

Novatus alishika ubavu wa gari. “Kwa sheria ipi, ndugu mkubwa? Niambie tu jina lake.”

Yule mtu alikuwa amekwisha kukaa mbele. 

“Itakuja, mzee. Si wewe uliyesema iko njiani?”

Kabla hawajaondoka, mgambo mmoja alilifunga duka kwa kufuli lake mwenyewe, akapitisha waya kwenye pete za mlango, akaubana kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Asiguse mtu, akasema, mpaka itakapoamuliwa.

Deodata alikaa rumande huko mpaka maharage yakachanua. Mayunga alitoka mapema kidogo, akapita Kirushya akisukuma baiskeli. Hakuegesha. “Salamu kwa mama,” alisema tu, akaendelea na barabara ya Biharamulo, na kiduka chake hakukifungua tena. Wenye maduka wale wengine wawili walikuwa wameacha kumwamkia Novatus tangu siku ile.

Yeye alibaki na redio. Sasa hakuisikiliza kwa ajili ya watu. Alisikiliza kwa ajili ya mkewe. Aliutafuta muswada ule kama mtu anayetafuta kaburi. Usomwe basi! Usomwe, ujulikane una vifungu gani, adhabu yake ni ipi, na mwenye kukata rufaa aende mlango gani. Kampala ilianguka, watu wakacheza ngoma barabarani, na Novatus, sikio kwenye spika, akawaomba wapunguze kelele. Bunge lilikaa. Ilisomwa miswada mingine, ya mambo ya mbali. Ule haukutajwa. Alikwenda kwa Renatus kumuuliza kama labda umepita bila kutangazwa.

“Mzee, mimi sijawahi kuuona,” Renatus alisema. Safari hii hakucheka. “Labda waliuacha.”

“Kama waliuacha, mke wangu amefungiwa duka kwa nini?”

“Hilo ni la wilayani.”

“Na wilayani wakisema ni lako?”



Deodata aliporudi alikuwa amekonda, na alikuwa ameacha kujibizana. Hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alipita mbele ya duka lake lililofungwa bila kugeuza shingo, akaingia nyumbani, akaomba maji ya kunywa. Novatus alipoanza kumweleza kwamba pengine wakiandika barua kuuliza hatima ya muswada, alimkatiza.

“Usiwaulize. Ukiwauliza watakumbuka.”

Duka likakaa hivyo. Nyumba ya udongo haitaki mengi: inataka mtu wa kuikandika kila mwaka, na moto mdogo ndani wa kufukuza mchwa. Hii haikupata hata kimoja. Novatus aliona nyufa zikipanda kutoka chini, akaona ukuta wa nyuma ukitoa tumbo. Alikuwa na udongo, alikuwa na maji, alikuwa na mikono. Lakini mgambo alisema asiguse mtu, na hakuna aliyekuja kuondoa neno hilo, na hakuwepo wa kumuuliza kama kukandika ukuta ni kugusa. Akawa anakwenda kuutazama asubuhi na kuutazama jioni.

Mvua za masika zilipokolea, ukuta wa nyuma ulilala chini, na mabati upande huo yakainama. Mbele, mlango ulisimama vile vile, kufuli, waya na lakiri.

Deodata alichukua jembe. Hakupita barabarani, alizunguka nyuma, akaingia kupitia palipokuwa ukuta, akaanza kulivunja bonge la udongo kwa kisigino cha jembe, akilisawazisha mahali pa meza ya mizani. Alikuwa na mbegu za maharage kwenye pindo la khanga.

“Mama Anjelika,” Novatus aliita kwa sauti ya chini kutoka upande wa mlango. “Mama Anjelika, hatujui kama inaruhusiwa.”

Jembe liliendelea. Novatus aliuzunguka ukuta mpaka nusu, akarudi, akatazama barabara juu na chini. Mtu mmoja alikuwa akija kwa mbali na mwavuli, hajulikani nani.

“Toka humo,” alimsihi. “Toka basi, mpaka apite.”